Harufu ya Kuungua Itokayo Katika Oveni ya Jikoni

Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Kilosa na Mikumi




Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kwa kusikia huonekana dogo: harufu ya kuungua inayotoka katika oveni wakati mpishi ana hakika kwamba chakula chake hakijaungua. Udogo wa jambo hili ni wa kusikia tu. Mara nyingi harufu hiyo ndiyo taarifa ya kwanza, na pengine ya pekee, ambayo nyumba huitoa kabla waya haujashika moto ukutani. Mwenye nyumba anayefungua dirisha ili harufu itoke, kisha akaendelea kupika, huwa ameipokea taarifa hiyo na kuitupa.

Inafaa ikumbukwe kwamba kuoka si jambo geni kwa wapishi wa nchi hii. Kabla ya oveni kuingia majumbani, keki na mikate ya sufuria ilipaliwa: makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko, na mpishi amekaa pembeni. Akiona makaa ya juu yamezidi, huyapunguza kwa koleo. Akisikia harufu ya kuungua, hujua mara moja kama ni chakula, ni kitambaa cha kushikia sufuria au ni upindo wa kanga uliogusa makaa, kwa kuwa kila kitu kilikuwa mbele ya macho yake. Katika oveni mambo hayako hivyo. Moto umefichwa nyuma ya bati, waya zimefichwa nyuma ya moto, na viungo vinavyouleta umeme vimefichwa ukutani. Kilichobaki kwa mpishi ni pua yake, nayo haijafundishwa lugha ya vitu hivi vipya.

Somo hili lina mahali pake Kilosa. Wilaya hii inajulikana kwa mkaa. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vyake vimekuwa vikivuna mkaa kwa mpango maalumu katika misitu ya vijiji, ili miti ipate kuchipua tena. Lakini mwelekeo wa Taifa ni kuondokana na kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Umeme nao si mgeni wa mbali kwa watu wa huku. Kusini mwa Wilaya, katika Mto Ruaha Mkuu, mitambo ya Kidatu ilianza kufua umeme mwaka 1975 na uwezo wake ni megawati 204. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inasimama Kilosa ikielekea Dodoma. Kwa hiyo majiko ya umeme na ya gesi yataongezeka, katika nyumba za watumishi, katika nyumba za wageni zilizopo kando ya barabara kuu pale Mikumi, na katika majumba ya kawaida. Wengi watakaoyatumia hawatakuwa wamewahi kuelezwa la kufanya siku jiko litakapotoa harufu.

La kwanza la kufanya ni kukata umeme, na ukataji huo una utaratibu wake. Kuzungusha kitufe cha oveni hadi sifuri hakutoshi, kwa sababu kitufe huzima kilicho mbele yake tu. Waya na viungo vilivyo nyuma yake bado vina umeme. Azime swichi ya ukutani. Ikiwa plagi au swichi yenyewe ina moto, imegeuka rangi, au inatoa mlio kama wa mafuta yanayochuruzika kikaangoni, asiiguse kabisa. Aende moja kwa moja kwenye meni swichi akate umeme wa nyumba nzima. Ikiwa ndani ya oveni kunaonekana mwali, mlango ubaki umefungwa. Mafuta yanayowaka ndani ya sanduku lililofungwa hukosa hewa na kufa yenyewe, bali mlango ukifunguliwa mwali humrukia aliyeufungua usoni. Maji yasimwagwe, si kwa sababu ya umeme peke yake, bali pia kwa sababu mafuta ya moto yakikutana na maji huruka na kuusambaza moto. Moto ukitoka nje ya oveni, watu watoke, mlango wa jikoni ufungwe nyuma yao, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu kwa namba 114.

Baada ya hapo, jiko likiwa limepoa, ndipo uchunguzi huanza. Swali la kwanza si "kitu gani kimeharibika?" bali "harufu hii ni ya nini?" Harufu zote za kuungua si moja. Harufu ya mafuta, sukari au unga ulioungua ni ya jikoni. Hukereketa koo, huja na moshi wa kijivu au mweupe, na hutoka katika mlango wa oveni au katika tundu zake za juu. Harufu ya plastiki, ya mpira, ya rangi iliyochomwa, au ile inayofanana na samaki aliyechacha au mkojo, ni ya umeme. Hii ya mwisho yafaa isisitizwe kwa kuwa hudanganya. Plagi na soketi nyingi hufinyangwa kwa aina ya plastiki ngumu ambayo ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu ya samaki, na katika jiko ambamo dagaa walikaangwa jana nani ataishangaa? Imepata kutokea watu wakasugua oveni nzima kwa sabuni wakimtafuta samaki, na huku soketi iliyo nyuma ya kabati ikiendelea kuiva.

Ziko harufu zisizo na hatari kubwa, nazo zitajwe upesi. Oveni mpya huwa na mabaki ya mafuta ya kiwandani juu ya elementi na mabati yake. Mara ya kwanza iwashwe tupu kwa nusu saa hadi saa moja katika joto la digrii 200 hivi, madirisha yakiwa wazi, na harufu hiyo haitarudi. Oveni iliyosafishwa kwa dawa kali hutoa harufu ya dawa iliyobaki kwenye kona. Ifutwe tena kwa maji safi mara mbili au tatu. Mafuta ya kuku au ya nyama yaliyoruka kwenye dari ya oveni na kuganda huungua upya kila oveni inapowashwa, hata kama siku hiyo kilichomo ni mkate mtupu. Dawa yake ni maji ya vuguvugu, sabuni na siki, oveni ikiwa baridi na umeme umekatwa. Wale wanaotandika karatasi ya alumini kwenye sakafu ya oveni ili isichafuke wanafaa kuacha. Katika oveni ambazo elementi yake imefichwa chini ya sakafu hiyo, karatasi huzuia joto lisipande, sakafu hupata moto kupita kiasi, na rangi yake ya kigae huanza kupasuka.

Kuna jambo jingine lisilo na hatari mpaka siku litakapokuwa nayo. Katika nyumba nyingi oveni hutumika kama kabati. Ndani yake huwekwa sufuria, vifuniko vya plastiki, ubao wa kukatia mboga, mkate uliofungwa katika mfuko ili panya wasiufikie. Sasa ichukuliwe kwamba mpishi anaoka, na uniti za LUKU zikaisha keki ikiwa ndani. Giza likaingia, keki ikatolewa ikiwa nusu mbichi, kila mtu akakasirika, na hakuna aliyekumbuka kurudisha kitufe kwenye sifuri. Jioni vyombo vikaoshwa na kurudishwa ndani ya oveni kama kawaida. Saa nne ya usiku baba akanunua uniti, akaingiza namba, taa zikawaka, na watu wakaenda kulala. Oveni nayo imewaka. Vivyo hivyo hutokea umeme wa gridi unapokatika na kurudi usiku wa manane. Wakati wa mgao ulioanza mwaka 2023 na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 2024, hali ya namna hii ingeweza kuikuta nyumba yoyote. Kwa hiyo umeme ukikatika, swichi ya ukutani ya oveni izimwe kabla hata mshumaa haujatafutwa, na oveni isifanywe kabati.

Sasa yaja yale ambayo ndiyo hasa yaliyosababisha mazungumzo haya.

Oveni ni miongoni mwa vyombo vinavyovuta umeme mwingi kuliko vyote ndani ya nyumba, na huuvuta kwa muda mrefu. Taa ya kisasa huvuta wati 10. Redio huvuta chache. Friji ya kawaida huvuta mia na kitu. Oveni ndogo ya mezani huvuta wati 1,500 hadi 2,000, na jiko kamili lenye oveni na sahani nne laweza kudai wati 8,000 kila kitu kikiwashwa. Umeme wa nyumbani nchini ni wa volti 230. Mtu akigawa wati kwa volti atapata ampia: wati 2,000 ni karibu ampia 9, wati 3,000 ni ampia 13, na wati 8,000 ni karibu ampia 35. Plagi ya miguu mitatu inayotumika hapa nchini ina kikomo cha ampia 13. Ni dhahiri kwamba jiko kamili haliwezi kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Linahitaji waya wake peke yake, wa milimita za mraba 6 au zaidi, unaotoka moja kwa moja kwenye sanduku la meni swichi, na swichi yake kubwa ukutani.

Lakini hata oveni ndogo, isiyozidi kikomo cha plagi, yaweza kuunguza soketi, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Huuliza: kama kulikuwa na hatari, mbona fyuzi haikukatika? Jibu ni kwamba fyuzi haioni joto la kiungo. Huona wingi wa umeme tu. Ichukuliwe soketi ya zamani ambayo vibano vyake vimelegea, au skrubu iliyo nyuma yake haikukazwa vizuri. Pale penye mlegeo panakuwa na ukinzani mdogo, tuseme sehemu mbili za kumi za omu. Umeme wa ampia 12 ukipita hapo, joto linalozaliwa ni ampia mara ampia mara ukinzani, yaani 12 mara 12 mara 0.2, ambalo ni karibu wati 29. Wati 29 ni chache. Hata hivyo, chuma cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi huwa cha wati 30 hivi, na chuma hicho huyeyusha risasi baada ya dakika chache tu. Mlegeo ndani ya soketi ni chuma hicho kilichofungiwa katika plastiki kwa muda wote wa kuoka keki. Umeme unaopita haukuongezeka hata chembe. Fyuzi haina la kulalamikia. Plastiki inaiva, shaba inaota kutu nyeusi, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, na wiki hadi wiki hali inazidi kuwa mbaya. Anayegundua mapema ni pua.

Kwa mnasaba huo, uchunguzi wa harufu ya umeme usianzie ndani ya oveni. Uanzie ukutani. Umeme ukiwa umekatwa kwenye meni swichi, plagi ichomolewe na kutazamwa: miguu yake ina weusi au rangi ya zambarau? Plastiki kuzunguka mguu mmoja imekuwa ya kahawia au imevimba? Soketi ina duara la moshi kuzunguka tundu moja? Waya pale unapoingia katika plagi umekakamaa kama kijiti? Mojawapo ya dalili hizi ikionekana, plagi na soketi zibadilishwe zote mbili. Kubadilisha plagi peke yake ni kuipeleka mpya katika kibano kilekile kilicholegea, nayo itaungua kama ya kwanza.

Hapo hapo itazamwe namna oveni ilivyounganishwa. Majiko mengi yaliyotumika hutoka nchi ambako plagi ni ya miguu miwili ya mviringo. Baadhi ya watu hufungua kizibo cha tundu la juu la soketi kwa kalamu au njiti, kisha hulazimisha miguu miwili kuingia. Inaingia, na oveni inawaka, lakini imekaa upande, imegusa kidogo tu, haina fyuzi yake, na waya wa kijani na njano uliokusudiwa kuilinda familia isipigwe na umeme haukufika popote. Ekstensheni nazo, hasa zile nyembamba zinazouzwa kwa ajili ya simu na televisheni, si za oveni. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile iliyoviringishwa na kusukumwa nyuma ya jiko, kwa sababu waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto lake. Kama soketi haifiki, soketi ihamishwe.

Watu wa vijiji vilivyo mwisho wa laini huwa na maelezo yao tayari: umeme ni mdogo, ndio unaounguza. Maelezo haya yana ukweli, ila si ule unaodhaniwa. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, elementi ya wati 2,000 hutoa wati 1,225 hivi, kwani nguvu hupungua kwa kasi kuliko volti. Oveni huwa baridi, wala haiungui. Kinachotokea ni kwamba mpishi, akiona mkate haupandi rangi, huzungusha kitufe kutoka 180 hadi 250. Jioni mashine za kusaga zikizimwa, volti hurudi, oveni hupanda hadi pale ilipoagizwa, na mkate huungua. Aliyeuunguza ni kitufe. Aidha, oveni zenye feni zina mota ndogo ambayo volti ndogo huisumbua. Ikigoma kuzunguka hujipasha joto na kutoa harufu ya vanishi. Feni inayokwaruza, kunguruma au kuanza kwa kusitasita isitumiwe.

Kama plagi, soketi na waya ni vizima, na chakula kinaungua kabla ya wakati wake, thamostati ishukiwe. Thamostati ndiyo inayokata umeme joto likifika na kuurudisha likishuka. Ikikwama imewasha, oveni hupanda bila kikomo, na mafuta ya zamani, raba ya mlango na hata waya za karibu huanza kutoa harufu. Mtumiaji wa LUKU anayo njia ya kuigundua bila kufungua kitu chochote. Vyombo vingine vyote vikiwa vimezimwa, atazame ile taa ndogo ya mita inayomweka. Oveni inapopanda joto taa humweka haraka haraka; ikishafika, kwa kawaida taa hutulia kwa muda kisha huanza tena. Ikiwa nusu saa au zaidi imepita na taa haijapumzika hata mara moja, huku oveni ikiwa na joto kali, thamostati haikati.

Njia ya pili inatumia kitu ambacho Wilaya hii haikikosi, kwani kuna mashamba ya miwa na viwanda Ruembe na Mbigiri. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na digrii 186. Kijiko cha sukari kiwekwe juu ya karatasi ya alumini katikati ya oveni iliyokwisha kupata joto, kitufe kikiwa kwenye 175, na kisubiriwe dakika 15. Isiyeyuke. Kitufe kipandishwe hadi 190, joto likishatulia isubiriwe tena dakika 15, na sasa iyeyuke. Ikiyeyuka katika 175, oveni ina joto kupita namba inayoonyesha. Ikibaki kavu katika 190, ina joto pungufu. Mpishi mwenye kujua hilo anaweza kurekebisha kwa kitufe mpaka fundi apatikane, bali thamostati iliyokwama haina marekebisho ya kitufe.

Elementi yenyewe, ule mrija mweusi uliopindwa, huungua kwa namna nyingine. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungukwa na unga mweupe usiopitisha umeme, na juu yake mna ganda la chuma. Ganda likipasuka au kuvimba mahali, waya hugusa chuma, cheche hutoka, na huonekana doa jeupe linalong'aa kama la kulehemu. Elementi yenye uvimbe, tundu au doa la namna hiyo haitengenezwi, hubadilishwa.

Unga huo una tabia moja inayowahusu sana watu wa bonde la Mkondoa: hunyonya unyevu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia katika makaazi ya Kilosa na kuharibu reli. Na Januari 2014 mafuriko yalizikumba Dumila na Magole na kulikata daraja la barabara ya Dodoma. Chombo cha umeme kilichofikiwa na maji ya mafuriko hakikauki kwa kuanikwa juani siku moja. Tope hubaki ndani ya swichi, chumvi zake hupitisha umeme, na unga wa elementi hubaki na maji ndani ya ganda ambako jua halifiki. Oveni ya namna hii ikiwashwa, ama kifaa cha kukata umeme unaovuja huanguka kila mara, ama, pale ambapo kifaa hicho hakipo, bati la jiko huwa na umeme. Isiwashwe hata mara moja ili kujaribu. Fundi aifungue kwanza, aisafishe, aikaushe, na apime kama umeme unavuja kwenda kwenye bati. Hali ya Visiwani haitofautiani sana, ingawa huko adui si tope bali hewa ya chumvi. Unguja ilipokosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya waya wa baharini kuharibika, jiko lolote lililokaa muda huo wote bila kuwashwa lilistahili kukaguliwa kabla ya kurudishiwa umeme.

Wadudu na wanyama wadogo nao wasisahaulike. Nyuma ya oveni pana joto, giza na makombo. Panya hutafuna ganda la waya. Mende na mijusi huingia kwenye nafasi ya swichi na kuungua humo, na harufu yake haifanani na nyingine yoyote. Jiko livutwe mbele na nyuma yake kufagiliwa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, umeme ukiwa umekatwa. Hapohapo nafasi ya hewa iliyotakiwa na mtengenezaji ihakikishwe, maana jiko lililobanwa kwenye kabati la mbao huichoma mbao polepole, na mbao iliyokaushwa kwa joto kwa miaka huwaka kwa joto dogo kuliko mbao ya kawaida.

Wanaotumia oveni za gesi wazingatie jambo moja tofauti. Gesi ya mitungi haina harufu yake yenyewe. Hutiwa kitu chenye uvundo ili ikivuja ijulikane. Uvundo huo ukisikika, hakuna cha kuwashwa wala kuzimwa, hata swichi ya taa, kwa kuwa swichi hutoa cheche. Mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na watu watoke. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, hivyo mlango una faida kuliko dirisha la juu. Mwali wa njano unaopaka sufuria masizi ni dalili kwamba gesi haipati hewa ya kutosha, na gesi inayoungua kwa upungufu wa hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu kabisa, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hapa pua haisaidii kitu. Chumba cha oveni ya gesi hapana budi kiwe na mahali pa kupitisha hewa wakati wote, hata msimu wa baridi wa Juni na Julai ambapo watu hupenda kufunga.

Kuhusu nani afanye kazi gani, mipaka ni hii. Kutazama, kunusa, kusafisha, kuchomoa plagi na kukata umeme ni kazi ya mwenye nyumba. Kufungua bati la oveni, kubadilisha soketi na kuvuta waya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza. Hitilafu iliyo kwenye nguzo, kwenye waya unaoingia nyumbani au kwenye mita hupelekwa TANESCO. Iliyo baada ya mita ni ya mwenye nyumba. Mita isifunguliwe na mtu mwingine yeyote.

Watumishi wanaoishi katika nyumba za Serikali hawana ruhusa ya kubadilisha waya za nyumba hizo kwa hiari yao, na hili limewafanya wengine wakae na soketi iliyoungua kwa miezi wakisubiri. Wasisubiri kwa mdomo. Taarifa iandikwe, ipelekwe kwa afisa anayehusika na nyumba, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwa mtumishi. Iandikwe kwa ukamilifu: siku na saa harufu iliposikika, kitufe kilikuwa kwenye namba gani, oveni ilikuwa imewaka kwa muda gani, harufu ilifanana na nini, ilitokea upande wa jiko au upande wa ukuta, na kama umeme ulikuwa umekatika na kurudi siku hiyo. Fundi atakayesoma maelezo hayo atajua aanzie wapi. Mpaka atakapofika, swichi ya oveni ibaki imezimwa, na karatasi ibandikwe juu yake ili mtoto au mgeni asiiwashe.